Maneno Niliyoyaficha Yalivyoniletea Mbuzi Dukani

Leo nacheka, lakini siku ile nilitamani kuingia chini ya kaunta nisitoke tena. Mimi nakodisha magauni ya harusi pale mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura, na tovuti ya duka niliitengeneza mwenyewe (nikajisifu kanisani hadi watu wakachoka), ila ukitafuta gauni mtandaoni, duka langu halionekani hata kwa dawa. Basi nikajifanya mjanja, nikachukua maneno ambayo watu hutafuta sana, daktari wa meno, daktari wa wanyama, nyumba ya kupanga, nikayajaza chini ya ukurasa kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, ili mtu asiyaone lakini mashine ya kutafutia iyasome.

Ikayasoma kweli. Jumamosi moja Mama Belyse wa mtaa wa Kiriri kaja na binti yake anayeolewa, binti kavaa gauni la mkia na shela ndefu, mara akaingia mzee ameshika shavu.

"Muganga wa meno iko wapi?"

Nikamwambia amepotea. Akanionyesha simu. "Apana, mama. Inasema ni hapa."

Kabla sijajibu, baba mwingine akashuka kwenye teksi kutoka Cibitoke na mbuzi wake, anamtafutia daktari, na huyo mbuzi (mgonjwa gani huyo) akaenda moja kwa moja kwenye shela akaanza kuitafuna. Tukavutana, mimi huku, mbuzi kule, bibi harusi katikati, majirani wamejaa mlangoni.

Mama Belyse akachukua simu ya mzee, akaburuta kidole kwenye ule weupe wa chini ya ukurasa, maneno yangu yakajitokeza yote, akayasoma kwa sauti mbele ya umati. Nilitamani mbuzi anile na mimi.

"Mi nilikutafuta sana kwa simu, sikukuona," akasema. "Ni dada wa kanisa ndiye alinileta. Kwa nini hukuandika tu unakodisha gauni ya harusi?"

Kichwa cha ukurasa wangu kilisema "Karibu", basi.

Binti akajitazama kwenye kioo, shela imeishia mabegani. "Mama, mi naipenda hivi hivi." Nikaitia pindo, akaolewa nayo, akapendeza ajabu.

Nami nikafuta weupe wote. Nikaandika kichwa kinachosema ninachofanya na mahali nilipo, kila picha nikaipa maelezo yake, nikajibu yale wateja wanayoniuliza kila siku, kama kiuno cha gauni kinapunguzwa. Nilisubiri hadi nikakaribia kukata tamaa, ndipo asubuhi moja akaingia dada kutoka Uvira kule Kongo, kavuka mpaka peke yake. Nikamuuliza nani kamtuma.

"Hakuna mutu. Niliandika gauni ya harusi Bujumbura, we ndo ukatoka wa kwanza."

Nikajifanya sijasikia ili arudie.

Sasa nimeapa: siandiki mtandaoni kitu ambacho mteja akiingia dukani hatakikuta kimetundikwa.