Tyubu ya Kati na Majimoto wa Bi Atija

Kach! Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote, ya tyubu ikizungushwa kwenye kamera mpaka ijifunge. Niliisikia siku yangu ya kwanza kazini, katika studio moja ya picha mjini Mtwara. Mwenye Studio, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Mikindani anayetania wateja kwa Kimakonde, aliisogeza kamera sikioni kwangu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Isipolia hivyo, haijafunga. Isipofunga, itaanguka. Ikianguka, na wewe shika njia."

Sasa nimestaafu. Msicheke. Wenzangu wanastaafu na mvi, mimi nastaafu na hina ya Idi bado kuchani, kwa sababu mradi niliokuwa nikiupigia picha umeisha. Kamera inakwenda kwa mwingine, na mimi situlii mpaka nimwambie namna ya kuchagua hizi tyubu za kupigia vitu vidogo kwa karibu.

Tyubu ni duara tupu tu. Ndani hamna kioo. Unaweza kupitisha vidole. Inakaa kati ya kamera na lenzi, inaisogeza lenzi mbele, na hapo lenzi inaona vizuri kitu cha karibu ambacho mwanzo ingekiona ukungu. Zinakuja tatu: fupi, ya kati na ndefu. Kwanza angalia kama zina vidoti vya shaba vya kupeleka habari kutoka kamera hadi lenzi. Zisizo navyo ni za bei ya chini, lakini lenzi inakuwa kama mtu aliyeziba masikio: unaiambia ibane tundu la mwanga, haisikii. Pili, shingo iwe ya chuma. Ya plastiki inalegea. Tatu, kadiri unavyorefusha tyubu ndivyo mwanga unavyopungua, na ndivyo unavyolazimika kumsogelea unayempiga. Hilo la tatu lilitaka kunitoa roho.

Picha za pasipoti zilinichosha mapema. Nilikuwa naota jicho la nyuki, mguu wa panzi, vitu vya kwetu ambavyo hakuna aliyevitazama sawasawa. Kwa hiyo mradi wa wadudu wa mikorosho ulipotafuta mpiga picha, nilihamia kituo cha utafiti cha Naliendele mbiombio. Mkuu wangu wa pili alikuwa Mama Mtaalamu, mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu. Akanituma kijiji cha Mpapura kwa Bi Atija, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji.

Mikorosho ya Bi Atija ilikuwa na majimoto, wale siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa viota. Yeye alisema wanakula mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi mpaka maua yanakauka. Mwanawe Momade alisema hawana kazi ila kung'ata watu. Alikuwa ameazima pampu, na Jumamosi angewapulizia dawa wote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu wapige picha wanangu hawa kabla huyu mwanangu hajawamaliza."

Agizo la Mama Mtaalamu lilikuwa, "Funga tyubu zote tatu. Tunawataka wakubwa." Nikafunga. Ilinibidi nisogee mpaka lenzi iguse maua, kivuli chake kikafunika kila kitu, na majimoto wakapanda lenzi, wakapanda mkono, wakaingia kwenye blauzi. Nilicheza ngoma isiyo na jina. Picha niliyopata ilijaa taya na vinywele. Ijumaa nikampelekea Momade. Akaigeuza juu chini.

"Nini hii, dada? Koleo?"

"Majimoto, kaka."

"Mdomo wote huu! Sasa nimejua maua yangu yanakwenda wapi."

Jumamosi akaanza. Mstari wa juu wote wa mikorosho ukapuliziwa, kisha petroli ya pampu ikaisha. Bi Atija akanipigia simu: "Njoo. Kesho asubuhi anaendelea."

Sikuweza kukaa. Nilizunguka chumba changu cha Magomeni, hapo hapo Mtwara, nikifunga tyubu na kufungua. Picha kubwa ilikuwa imekata habari yenyewe. Momade alihitaji kuwaona majimoto, mbu na ua mahali pamoja, na mimi nilihitaji kukaa mbali wasinishtukie. Nikakimbilia studio kuomba lenzi ndefu.

"Lenzi ya maharusi?" Mwenye Studio akashangaa. "Unampiga nani?"

"Wadudu, babu."

"Ikirudi na siafu, usije tena hata kwa pasipoti."

Nikaifunga na tyubu ya kati peke yake. Kwenye lenzi ndefu tyubu hukuza kidogo tu, lakini unasimama mbali kwa urefu wa mkono. Asubuhi, kabla upepo haujaanza kutikisa maua, nilikuwa pale kwa Bi Atija. Shingo inauma, mguu umekufa ganzi, masikio nimeyaelekeza barabarani, Momade asije akanikuta sijapata picha. Nikajisikia nikimwambia majimoto mmoja, "Tulia hapo, inua kidevu kidogo," kama mteja wa studio. Bi Atija akacheka mpaka akaziba mdomo kwa khanga. Ndipo mbu akatua kwenye chipukizi, na majimoto mmoja akamdaka kiunoni.

Momade alifika na pampu mgongoni. Nikampa kamera atazame.

"Huyu mwenye miguu mirefu namjua."

"Nani?" mama yake akauliza.

"Mbu."

"Yuko wapi?"

"Mdomoni."

"Mdomoni mwa nani?"

Momade akatua pampu chini. "Mama, na wewe unapenda maneno."

"Nimeuliza tu."

Bango la mradi lilitoka na ile picha ya taya, wakubwa waliipenda. Sikununa. Lakini wewe utakayeishika kamera, kabla hujachagua urefu jiulize nani atatazama, na anataka kujua nini.

Mstari wa juu uliopuliziwa ulibaki bila majimoto, na mbu wakauhamia. Siku niliyokabidhi vifaa nilipita Mpapura. Bi Atija na Momade walikuwa wamekwenda msibani. Nilikuwa na kamba ya katani. Nikaifunga kwenye tawi lenye kiota, nikaivuta, nikaifunga ncha ya pili kwenye mkorosho wa kwanza wa mstari wa juu, majimoto wapate pa kuvukia.