Ufa Pacha

Karakana nzima ya reli ilimwita Bi Mwangwi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyufa ndani ya ekseli, ile mihimili ya chuma inayounganisha magurudumu ya treni. Chuma nacho huchoka, jamani, kama mtu anayebebeshwa mzigo uleule kila siku. Ufa huanza mdogo, jicho halioni, na siku unapokomaa treni iko njiani. Bi Mwangwi hupaka grisi, akaweka kichwa cha mashine juu ya chuma, na mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii yakapita ndani. Yakikutana na ufa hurudi kabla ya wakati, na kwenye skrini mstari huruka.

"Dada, hebu nipime mgongo na mimi, nimechoka," mafundi walimtania.

"Wewe hujachoka. Wewe mvivu."

Lakini kila asubuhi, kabla ya utani wowote, aliijaribu mashine kwa kipande cha ekseli ya zamani. Ekseli hiyo ilivunjika mteremkoni, karibu na gurudumu moja, ikamuua dereva wa treni. Upande wa gurudumu la pili kulikuwa na ufa pacha ambao haukuwahi kufika mwisho, na kipande chenye ufa huo ndicho kilichokatwa kikahifadhiwa. Dereva alikuwa mume wake.

Alipofiwa, alipewa kazi ya kufagia karakana, akapanda taratibu hadi kwenye mashine. Huko akajua jambo ambalo heri asingelijua: siku ya ajali mashine ilikuwepo. Ilikuwa stoo, ndani ya boksi lake, ikisubiri mtu wa kufundishwa kuitumia.

Mama mkwe wake, aliyeishi naye, hakuambiwa. Kila alipouliza, Bi Mwangwi alimjibu, "Mama, ufa ule hakuna ambaye angeuona. Ni kazi ya Mungu." Kwa maneno hayo bibi kizee alipata usingizi. Uongo? Ndiyo, uongo mtupu. Ila wewe ungemwambia nini mama aliyejaliwa mtoto mmoja tu?

Kisha mkuu mpya wa karakana akaagiza kipande kipya cha kujaribia, kilichochongwa kiwandani, na cha zamani kikayeyushwe. Bi Mwangwi aliropoka habari hiyo wakati wa chakula. Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Nipeleke nikakishike."

"Mama, kule mafuta yametapakaa sakafuni, utateleza."

"Mwanangu, nilimzaa mimi. Nipeleke."

Akampeleka. Bibi kizee alikipapasa kile kipande kwa mikono miwili, akalia bila sauti. Mkuu, mtu mwema asiyejua lolote, akaona bora amchangamshe mgeni.

"Bi Mwangwi, hebu mwonyeshe mama kazi yako!"

Bi Mwangwi akakiweka kichwa cha mashine juu ya chuma kikavu, makusudi kabisa, maana bila grisi mawimbi hayaingii. Skrini haikuonyesha kitu.

"Umeona, Mama? Hauonekani."

Mkuu akaangua kicheko. "Leo umepitiwa! Grisi iko wapi?" Akaipaka mwenyewe, kwa ukarimu wake wote, akakirudisha kichwa mahali pake.

Mstari ukaruka hadi juu ya skrini.

Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho. Hata nyumbani alizoea kumimina chai nje ya kikombe. Akaegemeza mikono juu ya chuma chenye grisi, akasogeza uso karibu na skrini.

"Ndio huo?"

"Huo ni pacha wake, Mama. Ndio mdogo."

"Mdogo? Mbona hata mimi nauona?"

Akauliza tena, sasa kwa sauti ndogo, "Na mashine hii, wakati ule ilikuwa wapi?"

Bi Mwangwi alitafuta uongo mwingine. Aliupata, ukafika mdomoni, ukakataa kutoka. Aliona aibu, na uchungu wa siku ya msiba ukamrudia mzimamzima.

"Stoo, Mama."

Bibi kizee akajifuta grisi kwenye gauni lake, kidole kimoja kimoja.

"Miaka yote hii," akasema, "nimemsingizia Mungu."

Bi Mwangwi alimnyooshea mkono amwongoze kutoka. Bibi kizee hakuushika. Alipapasa ukuta, peke yake, mpaka akaufikia mlango.