Leo nimekataa kupunguziwa nusu bei ya gari

Ndiyo, mimi, mfalme wa kubana bei!

Nilikwenda Itetemia kwa mama mmoja wa Kinyamwezi, mjane, anauza gari la spoti la marehemu mumewe. Mimi Mzaramo, na sisi na Wanyamwezi ni watani wa jadi, nikamtania: "Hili kopo unauza au unatupa?"

Akainama. "Basi nipe nusu, mwanangu."

Jamani! Hakujua mimi ni mtani wake. Kaamini ni bovu!

Dalali aliyenipeleka akanikanyaga mguu, yaani lipa haraka. Na injini nimeisikiliza, nzima. Masikio haya yamesikiliza injini za malori hadi Lubumbashi, hayadanganyiki.

Nikamgeukia mama.

"Mama, mimi Mzaramo, nilikuwa natania. Bei yako ya kwanza ni halali."

Akanitazama akasema: "Mzaramo mwenye haya? Wenzako wamekufukuza?"

Nimelipa yote. Dalali kaninunia. Nyie mngefanyaje?