Kofia ya Fundi Redio

Fundi redio wa Murongo hamtazami mtu usoni. Macho yake huwa kwenye kompyuta, anayasogeza mawimbi kwa kidole taratibu kama anayechambua mawe kwenye maharage. Ameiwekea programu inayonasa redio za ng'ambo ya mto na kurekodi yenyewe matangazo ya vifo kila saa saba mchana. Waliokosa kusikia humjia yeye.

Leo alikuja Benadeta. Redio yake ilitaja jina la kaka yake, kisha ikakwaruza tu.

"Sijui ndiye marehemu, au yumo kwenye ndugu wanaopewa taarifa."

"Kaa kwanza, mama."

Fundi akavaa spika za masikioni, akapunguza mkwaruzo, akarudia, akapunguza tena. Benadeta aliitazama kofia ya sufu kichwani mwa fundi. Murongo nzima inajua kwamba fundi haivui, jua liwake vipi, ila anapotaka kumsikilizisha mtu msiba wake.

Mkono ukapanda. Kofia ikashuka, ikatua gotini.

"Usibonyeze, fundi," alisema Benadeta. "Niambie maziko ni lini."

Fundi akamtazama usoni.

"Kesho saa nane, mama. Utawahi."