Ngozi ya Mbuzi Haijui Dini

Enzi zetu pale Chiungutwa kila mtoto alikuwa na sifa yake. Kuna waliosifika kwa mbio na kuna waliosifika kwa kuiba mabibo. Mimi nilisifika kwa mikono isiyotulia. Nilipiga dumu njiani kwenda kisimani, nilipiga dawati mpaka mwalimu ananitoa nje, nilipiga sahani kabla ugali haujafika. Mama alikuwa akiniambia ngoma ikivuma sana hupasuka, nami nikaendelea kupiga, ila kwa kidole kimoja.

Basi siku gari la misheni liliposhusha ngoma za kizungu kanisani kwetu, niliacha ugali nikakimbia kuziona. Zilikuwa kuukuu, zimetumika kwingine mpaka wakazichoka. Mwalimu Stefano, aliyefundisha kwaya, akatangaza kwamba Jumapili Baba Askofu anakuja kutoa kipaimara, na atakayeweza kuzipanga na kuzipiga ndiye atakayepiga siku hiyo. Wavulana wakanitazama wakacheka. Msichana na ngoma za kanisani wapi na wapi! Nikasema moyoni, mtanikoma.

Kuzipanga sasa. Nani alikuwa amewahi kuziona? Vyuma vya miguu mitatu vilikuwa vinafunguka upande mmoja huku unafunga mwingine. Skrubu moja haikuwepo, nikafunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Matoazi niliyaweka juu sana, nikawa nayapiga nimesimama. Ile ngoma kubwa ya mguu kila nikiikanyaga inasogea mbele, inakwenda zake kama mbuzi aliyekata kamba, mpaka nikaizuia kwa matofali mawili. Kiti hakikuja, nikakalia debe. Wavulana walichoka Ijumaa, wakaenda kucheza mpira wa makaratasi. Mimi nikabaki.

Jumamosi asubuhi kilibaki kitu kimoja tu. Ile ngoma ndogo ya katikati ilikuwa imelegea, inalia kama gunia. Kwetu hilo si swali. Ngoma iliyolegea inapashwa moto, hata mtoto anayetambaa anajua. Bibi yangu alikuwa mpigaji wa unyago, sijamwona hata siku moja akigusa ngoma kabla haijaota moto. Nikaibeba mpaka uani kwetu, pale Bibi alipokuwa anakaanga korosho, nikaiinamisha juu ya moto nikisubiri ngozi ikaze.

Kumbe si ngozi, ni plastiki! Ikajikunja, ikatoboka, ikanuka vibaya kuliko moshi wa korosho. Nililia mpaka nikakosa sauti. Mwalimu Stefano alipokuja, hakunipiga wala hakufoka. Alisema tu, "Baba Askofu anakuja kesho," akakaa chini kwenye mchanga. Afadhali angenichapa.

Bibi akaingia ndani, akatoka na ngozi ya mbuzi aliyokuwa ameiloweka kwa ajili ya ngoma yake mwenyewe. Mwalimu akasita, akauliza kwa adabu kama ngozi ya ngoma ya unyago itafaa madhabahuni. Bibi hakuinua hata kichwa.

"Ngozi ya mbuzi haijui dini, Mwalimu. Shika hapo uvute."

Wakavuta, wakaibana kwa mkanda wa chuma wa ile ngoma, tukaianika juani mchana kutwa. Jumapili nikapiga. Lakini asubuhi ile ilinyesha manyunyu, na wimbo wa pili haujaisha ngozi ikalegea tena. Baba Askofu alipoanza mahubiri, nikaichomoa ngoma, nikatoka nayo mbio mpaka jikoni kwa akina mama waliokuwa wanapika pilau. Nikairudisha kabla ya sadaka, imekaza, ina moto bado. Nikaipiga kwa furaha ambayo sijaipata tena popote.

Vijana wa siku hizi wamestarehe. Pasaka hii nilikwenda nyumbani, nikakuta kijana wa kwaya anabonyeza kinanda, ngoma zinajipiga zenyewe, naye mkono mmoja uko kwenye simu. Zinapiga vizuri, sikatai. Hazikosei hata mara moja, na ndiyo maana nilishindwa kukaa, nikawa najigeuzageuza kwenye benchi kama mtoto. Bibi alishafariki, Mwalimu Stefano naye. Ibada ilipokwisha nikaulizia ile ngoma ndogo.

Iko stoo, wanaitumia kufunikia debe la mahindi. Panya wametafuna ukingo, lakini ngozi ya Bibi bado ipo. Nikaigonga, haikutoa sauti. Nikaitoa nje, nikaomba makaa kwa mama mmoja aliyekuwa anachemsha chai. Yule kijana wa kinanda akanifuata.

"Shikamoo, Mama Upendo. Hiyo si utaiunguza?"

"Marahaba, mwanangu. Niliyoiunguza ni ile ya kwanza," nikamwambia, nikaiinamisha juu ya makaa, vidole vyangu vimeshaanza kupiga.