Mti Uliosoma Gazeti

Shangazi yangu Merle hupeleka barua kwenye mashamba kumi na manne ya ng'ombe, kila Ijumaa, kwa barabara ya udongo mweusi. Kabla ya hapo alikata nywele za watu hapa Gilroy's Landing kwa miaka ishirini na miwili, mpaka mgongo ukamwambia basi. Anasema kazi ni ile ile: watu wanakungoja kwa hamu, wanakumwagia mambo yao yote, na wewe unafunga mdomo.

Katika maisha yake kulikuwa na mwiba mmoja tu, na mwiba huo uliitwa Clem Duffy.

Clem anaishi kilomita sitini kutoka mjini, kwenye njia ile ile ya barua. Ni mrefu, mwembamba, na wakati huo alikuwa na mkia wa nywele uliofika kiunoni. Hakuwa ameukata tangu timu ya raga ya mji wetu ilipochukua kombe, na mimi sijawahi kukutana na mtu mwingine anayeukumbuka ushindi huo. Mvua za mwaka juzi Shangazi alikwama kwenye tope mara tatu, na mara zote tatu Clem ndiye aliyemvuta. Kuvutwa kwenyewe Shangazi hakuona shida. Shida ilikuwa hadithi. Kila Jumamosi kwenye baa ya Jocelyn, Clem aliigiza tukio zima, kichupa cha chumvi kikiwa gari la Shangazi na chupa ya bia ikiwa lake, na kila wiki tope liliongezeka kina.

Jumamosi moja Shangazi alikuwepo.

"Mvua zijazo, siku ya kwanza ukikwama, nikikuvuta tena," Clem akamwambia mbele ya watu, "utaandika nyuma ya gari lako kwa herufi kubwa: NIMEFIKA KWA HISANI YA CLEM."

"Na usiponivuta?"

"Taja wewe, bibie."

Shangazi akautazama ule mkia wa nywele kwa jicho la fundi. "Naukata huo."

Clem akaushika mkia wake kama mtu anayeshika pochi kwenye msongamano. Kisha akatoa mkono, wakapeana, na Jocelyn akasema yeye ndiye shahidi na mwamuzi.

Ndiyo maana mimi na Shangazi tulikwenda kununua winchi, ile mashine ya kufunga mbele ya gari, yenye kamba na ndoano, ili ukikwama ujivute mwenyewe.

Clem mwenyewe alikuwa ametoa ushauri, maana hawezi kujizuia. "Chukua kama yangu, ya elfu tisa na mia tano. Inavuta tani tisa na nusu! Unaweza kung'oa nyumba na wenyewe wamo ndani wanakula."

Muuzaji dukani alikuwa kijana mpole anaitwa Tevita. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Gari lina uzito gani?"

"Tani mbili na kidogo," akajibu Shangazi.

"Likiwa tupu, au na vitu vyake?"

"Vitu gani?"

Tevita akachungulia dirishani. Na mimi nikachungulia. Nje ilisimama pikapu yetu, na kwa mara ya kwanza maishani niliiona kweli: vyuma vya kuzuia kangaruu mbele, madumu manne ya maji, matairi mawili ya spea, friji, kreti la vifaa, magunia ya barua, na juu ya vyote hivyo mbwa wetu Tuppence, ambaye si mbwa mdogo.

"Mama," akasema Tevita, "kila mtu nikimuuliza ananitajia uzito wa siku gari lilipotoka kiwandani. Ni kama kumuuliza mtu kilo zake akakupa za siku ya harusi yake. Kapimeni kwanza."

Tukaenda mnadani, kwenye mizani wanayopimia malori ya ng'ombe. Namba ikapanda, ikapanda, ikasimama kwenye kilo elfu tatu na ishirini. Shangazi akasema mizani imeharibika. Mwenye mizani akasema jana imepima madume arobaini na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Shangazi akashuka ili tuone tofauti, nami nimekatazwa kuiandika hapa.

Tulirudi kwa Tevita na karatasi. "Sasa tunaongea," akasema. "Chukua uzito wote, ongeza nusu yake. Hiyo nusu ni kwa ajili ya tope, maana tope linavuta upande wake." Nikapiga hesabu: kilo elfu nne mia tano na thelathini.

"Basi ile ya elfu tisa na mia tano inatosha na kubaki," nikasema.

"Hiyo ni ratili, dada. Si kilo."

Nikafikiri ananitania. Ratili ziliondoka nchi hii kabla mama yangu hajazaliwa! Lakini Tevita akanionyesha kibao kilichobandikwa kwenye mashine, na kweli, winchi bado zinapimwa kwa ratili. Elfu tisa na mia tano ni kilo elfu nne na mia tatu tu. Kwetu haitoshi.

Shangazi akakaa kwenye kiti cha wateja polepole. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi na bado hajaifungua. "Kwa hiyo tani tisa na nusu za Clem..."

"Ni tani nne na robo," nikasema.

"Usimwambie mtu," akasema. "Niache nilale na siri hii kwanza."

Kulikuwa na kubwa zaidi, ya elfu kumi na saba, lakini Tevita akasema gari letu lingeinamisha pua kama nguruwe anayechimba mizizi, na betri ingekauka kabla hatujafika popote. Tukachukua ya elfu kumi na mbili, yaani kama kilo elfu tano na mia nne. Akatuonya kwamba nguvu hiyo yote inapatikana kamba ikiwa imefunguliwa karibu yote. Ikibaki imejizungushia kwenye pipa lake, winchi inapungua nguvu.

"Na ile ndoano inashikishwa wapi?" nikauliza.

"Kwenye mti," akasema Tevita, na wote wawili wakanicheka, kwa upole.

Sasa, kuanzia kilomita ya arobaini kutoka mjini mpaka ya sabini, uwanda wetu hauna mti. Kuna nyasi na mbingu. Shangazi ameipita njia ile miaka sita, mimi nimezaliwa hapa, na hakuna kati yetu aliyelikumbuka hilo mpaka Ijumaa ya pili ya Januari, kilomita ya hamsini na mbili, tulipozama mpaka kwenye ekseli.

Shangazi hakushtuka. Alishuka, akavaa glovu mpya, akavuta kamba mita ishirini kwa madaha, ndoano mkononi. Kisha akasimama. Akatazama kulia. Akatazama kushoto.

"Usiseme kitu," akaniambia.

Kitabu cha winchi kilisema pasipo na mti, chimba shimo uzike tairi la spea, ulifunge kamba. Tulichimba saa moja na nusu. Shimo likajaa maji. Tukazika tairi, Shangazi akabonyeza kitufe, na tairi likatoka ardhini taratibu, bila ubishi, kama jino la mtoto.

Ndipo tukasikia honi. Tatu, kama kawaida yake.

Clem alisimamisha gari mbele yetu, penye mwinuko mkavu. Alishuka na mnyororo begani, tayari. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha vile saa nne asubuhi.

"Herufi kubwa, Merle," akasema. "Rangi nitanunua mimi."

"Umefuata barua zako?" Shangazi akamwuliza, matope yakimtiririka kwenye nyusi. Akafungua gunia, akampa gazeti na bili ya umeme. Kazi ni kazi. Kisha akasema, "Clem, rudisha huo mnyororo. Nataka uwe mti."

"Niwe nini?"

"Mti. Paki hapo hapo. Zima gari, kanyaga breki, nyamaza."

"Miti hainyamazi, upepo ukivuma..."

"Clem!"

Aliingia garini akicheka, nadhani kwa sababu hakuamini ingewezekana. Shangazi akafunga ndoano kwenye gari lake, akabonyeza. Kamba ikakaza, ikalia. Kitu kikaanza kusogea, lakini hakikuwa sisi.

"Shangazi," nikasema, "mti unakuja."

Gari la Clem lilikuwa linateleza kutufuata, breki zote zimebana, na yeye ndani macho yamemtoka. Shangazi akasimamisha. Tukachukua tairi letu la spea, lile lililokataa kuzikwa, pamoja na la Clem, tukayabana mbele ya magurudumu yake. Safari hii mti ukashika. Pikapu yetu ikatoa sauti ambayo mama angenipiga ningeitoa mezani, ikatoka topeni sentimita kwa sentimita. Nilipotazama mbele, sikumwona Clem. Niliona gazeti, limefunguliwa ukurasa wa mbio za farasi.

Jumamosi baa ilijaa. Nusu ya watu walisema gari la Clem ndilo lililosaidia, kwa hiyo ni kuvutwa. Nusu nyingine walipiga kelele kwamba mti hauvuti mtu. Clem alisimama akiwa ameushika mkia wake kwa mikono miwili. Kama injini ya Clem ilikuwa imewaka au imezimwa, mashahidi zaidi yake tulikuwa watatu tu: Shangazi, mimi na Tuppence, na hakuna ambaye angeaminiwa na wote.

Jocelyn akagonga kaunta kwa glasi. "Swali moja tu, Clem. Alipokuwa anatoka, injini yako ilikuwa imewaka?"

Angeweza kusema ndiyo. Nilimwona akilifikiria lile neno, nikaona Shangazi naye anamwona.

"Ilikuwa imezimwa," Clem akasema mwishowe. "Nilikuwa nasoma gazeti."

Walicheka mpaka Jocelyn akalazimika kukaa. Clem akaleta kiti mwenyewe katikati ya baa, akakaa, akafungua kamba ya viatu aliyofungia nywele. Shangazi akatoa mkasi wake wa zamani mfukoni. Aliupima mkia ule mara mbili, akakata mara moja, kisha akatumia nusu saa nzima kumsawazisha nywele za shingoni bure, vizuri, kama mteja wa kweli.

"Clem," akamnong'oneza sikioni, ila mimi nilisikia, "ile winchi yako ni ya ratili."

Ijumaa iliyofuata, kwenye sanduku la barua la kilomita ya sitini, Shangazi aliacha gazeti, bili ya maji, na bahasha moja nene yenye stempu. Mkia uliokuwa ndani ulikuwa na uzito wa gramu mia moja na themanini. Tuliupima kwanza.