Kuku wa Ukwe Ndani ya Boti

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alipopiga simu kutoka Kanada na kusema anatuletea vakansi, mapumziko ya siku tatu juu ya ziwa, ndani ya boti, familia nzima, mimi nilikubali kabla hajamaliza kusema. Hilo ndilo kosa langu. Ninaliandika hapa mbele ili asiwepo wa kusema mzee alilificha.

Shule niliishia darasa la pili, kule Fizi, Kongo. Mengine nilijifunza kwa mkono. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, nilianza na cherehani moja ya kukanyaga kwenye baraza ya mtu, na leo niko na cherehani nne. Nusu ya makoti unayoyaona kanisani siku ya Pasaka yamepita chini ya sindano yangu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa mkwe wake anamlipia vakansi, haulizi maswali, anakata kitambaa. Nilijishonea suti ya bluu. Mke wangu nikamshonea kitenge chenye picha za ndege.

Yeye ndiye aliyeuliza.

"Ndani ya ile boti, bantu banakulia wapi?"

"Kwa meza."

"Meza ngapi?"

"Mi nitajua aje meza ngapi? Itakuwa na vyumba. Utakula kwenye unataka."

Akageukia jiko. Nimekaa naye miaka mingi na ninajua kugeuka kwake, lakini siku ile nilikuwa na tepu shingoni na suti ambayo haijaisha.

Nieleze. Kwetu, mama hali mbele ya mume wa binti yake, na huyo mkwe hali mbele ya mama. Wanasalimiana kwa mbali, maneno yanapita kwa mtu wa tatu, na mdomo wa mmoja hautafuni mbele ya macho ya mwingine. Si ugomvi, ni heshima. Na heshima hiyo ina mlango wake wa kutokea: baada ya ndoa, mkwe anakuja nyumbani na kuku, anabisha, mama anampokea kuku kwa mikono yake miwili na kumpika mwenyewe. Mkwe anakula kwanza, mama anafuata. Toka siku hiyo wanaweza kula pamoja mpaka kifo.

Binti yetu alifunga ndoa hapa kambini siku ya Jumamosi, na wiki mbili baadaye walipanda ndege. Kulikuwa na vipimo vya hospitali, alama za vidole, mizigo ya kupima kilo. Nani alikumbuka kuku? Kumkumbusha kijana ni kazi ya baba, kwa kumtuma mshenga. Baba ni mimi. Sikumtuma mtu. Ikapita miaka saba.

Tuliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda Lilongwe. Binti na mkwe walikuwa wamepanga kwenye nyumba ya wageni, mtaa wa Area 49. Wajukuu wawili, wasichana, tulikuwa tumewaona kwa simu tu. Mke wangu aliwakumbatia mpaka wakaanza kulalamika kwa Kiingereza. Halafu mkwe akatokea mlangoni. Mke wangu alivuta kitenge mpaka kwenye nyusi, akapiga goti, akageukia ukuta.

"Karibu, baba," aliuambia ukuta.

Mkwe alileta sambusa na soda. Mke wangu akasema ameshiba, na alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Gari la kwenda ziwani lilipopita soko la Mchesi niliomba wasimame, nikamnunulia mandazi. Aliyala kwenye kiti cha nyuma, amejifunika kitenge kichwa kizima, na wajukuu wakichungulia chini yake kama wanatafuta paka.

Boti ilikuwa nyeupe na safi, siwezi kuisema vibaya. Chini vyumba sita, juu kivuli cha turubai, na chini ya turubai meza. Moja. Ndefu, imepigiliwa kwenye mbao. Walikuwepo pia Wahindi wa mjini na watoto wao wanne, na mwalimu Mmalawi na mke wake na mapacha. Mfanyakazi wa boti alituvisha kofia za karatasi, akatupa sheria: hii ni safari ya familia, kila familia inakula pamoja, na chakula hakishuki vyumbani kwa sababu ya mende.

Nilimtazama mke wangu. Yeye alitazama meza, akashuka ngazi.

"Ziwa linanizungusha kichwa," alimwambia binti yetu kupitia mlangoni.

Uongo. Huyu mwanamke alivuka Ziwa Tanganyika juu ya gunia la dagaa, binti huyo huyo akiwa mgongoni, mawimbi yanaingia ndani, na yeye anamwambia mwenye boti aongeze mwendo.

Basi nikawa mwizi. Kila mlo nilifunga kipande cha chambo, samaki wa ziwa hili, na nsima, ugali wa hapa, kwenye karatasi ya kupangusia mikono, nikatia kwenye mfuko wa ndani wa suti mpya, nikashuka. Alikula amekaa kitandani.

"Hii suti paka wataifuata mpaka Dzaleka," alisema.

"Kula, mama. Usinichekeshe, watasikia."

Juu, watoto walicheza mchezo wa kukisia wanyama. Mkwe alikuwa kiboko. Alicheza vizuri, lakini kila mara alitupa jicho kwenye ngazi.

Siku ya pili, mchana, mjukuu mdogo alisema kitu kwa Kiingereza, na binti yetu akaweka uma chini. Nikauliza kasema nini.

"Anauliza kama Koko, bibi yake, hatupendi."

Mkwe akamchambulia mtoto miiba ya samaki. Baadaye binti alinifuata nyuma ya boti, mahali ambapo kelele ya injini inaficha maneno.

"Papa, kesho tunashuka, kesho kutwa tunapanda ndege. Miaka saba nangojea kuona mama na bwana yangu kwa meza moja. Kama hamumutaki, museme tu. Nitazoea."

Nilishuka chumbani. Mke wangu alikuwa ametulia anakunja kitenge.

"Mutoto analia," nikamwambia. "Panda ukule. Mambo ya zamani tuache."

"Nani anaacha? Weye?" Hakuinua sauti. "Mi simuchukii yule kijana. Namuheshimu. Nikikula mbele yake bila kuku, nimemufanya mutu wa bure, mutu wa kuokota. Uko na kazi moja tu katika hii ndoa, baba. Moja. Kuku iko wapi?"

Nimejenga maisha yangu bila kuomba mtu, na sasa ilibidi niombe kuku. Nikapanda ngazi.

Baba hamwendei mkwe kumwambia hayo uso kwa uso. Anamtuma mshenga. Lakini juu ya maji ningemtuma nani, Mhindi? Nilimkuta mkwe amesimama peke yake anashika chuma cha pembeni, nikasimama naye. Nilimwambia yote, kuanzia kuku mpaka mfuko wa suti. Sikupunguza sehemu yangu.

Akageuka, akaacha kutazama maji.

"Baba, mi nililelewa na kaka yangu kule kambini. Hakuna mutu alinifundisha," alisema. "Tukipiga simu ya video, mama anajifunika, anaondoka. Nilijua ananichukia. Unajua juu ya nini nilichagua boti? Nilisema, ndani ya boti hatapata mahali pa kukimbilia."

"Alipata," nikamwambia. "Yuko chini, anakula chambo yako."

Akacheka, na macho yake yakalowa, akajifanya ni upepo.

Tulikwenda jikoni. Mpishi alikuwa Mmalawi mnene, ameshika kisu. Nilianza kumweleza kwa Chichewa changu cha sokoni, na nilipofika kwenye neno *apongozi*, mama mkwe, alinikatiza.

"Agogo, mzee wangu, mimi mwenyewe ya mama mkwe wangu sijamaliza," akasema. Akafungua friji.

Kuku alikuwa wa plastiki, nataka kusema amefungwa kwenye plastiki, mgumu kama tofali, bila kichwa, bila miguu. Mkwe alimbeba kwa mikono miwili, anadondosha maji ngazi nzima. Akabisha mlango wa chumba chetu. Mimi nikasimama nyuma yake kama mshenga, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Mke wangu alifungua akiwa amejifunika. Akamwangalia kuku.

"Kichwa iko wapi?" aliniuliza mimi.

"Kichwa yake iko wapi?" nikamuuliza mkwe.

"Mwambie mama, kuku ya hapa banazaliwa hivi."

Kitenge kilitikisika. Alikuwa anacheka humo ndani. Alitoa mikono miwili, akampokea, akasema kwa sauti ya kawaida, "Zikomo, asante, mwanangu." Halafu akatupita wote wawili, akaenda jikoni. Mpishi alimpisha kwenye jiko, akabaki anakata vitunguu kama ameajiriwa na yeye.

Saa kumi hivi alipanda na sufuria. Kitenge kilikuwa kiunoni, uso wazi. Familia nyingine ziliona mwanamke anapakua chakula, basi. Alimpa mkwe paja. Mkwe akala, na sisi wote tukamtazama kama anafanya mtihani. Ndipo mke wangu akavuta kiti, akakaa kati ya wajukuu, akamega nsima, akatia mdomoni, akatafuna. Binti yangu alifunika uso kwa mikono yake.

"Mukwe," mke wangu akasema, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia machoni kwa miaka saba, "unakula kama mutu anakimbizwa. Polepole. Kuku haina miguu, haitaenda popote."

Mimi nilipata shingo. Sikulalamika.

Suti nimeifua mara tatu na bado ninanusa chambo. Siku hizi kijana akija kupimwa suti ya harusi, kabla sijafika mabegani namuuliza kuhusu kuku wa mama mkwe. Wengine wanacheka, wanasema mzee anachelewesha kazi. Nawapima hivyo hivyo. Lakini vifungo sivishoni mpaka nipate jibu.